Kopi inalisha, lakini wimbo wetu ataimba nani?

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni Jumapili iliyopita.)

Leo naomba nianze kwa kukiri kosa. Ukilitazama kwa haraka ni kosa dogo, na wengi wetu tumelifanya tukiwa na chupa mezani, tukaona ni haki yetu. Lakini mimi limenikaa kama mwiba ulioingia kidoleni, ambao huuoni kwa macho ila kila ukishika kitu unakukumbusha kwamba upo.

Miaka michache iliyopita nilikwenda Mpanda, mkoani Katavi, kwa shughuli za kazi, nikafikia kwa dada yangu, kata ya Kawajense. Kwa wasioufahamu mji huo, Mpanda ni mwisho wa reli. Njia ya treni inaachana na ile ya Kigoma pale Kaliua, inakata pori kuelekea kusini, na inapofika Mpanda haiendi tena mbele. Wakoloni hawakuijenga kwa ajili ya abiria. Waliijenga kwa ajili ya madini ya risasi. Mgodi ukafungwa zamani, reli ikabaki na watu wakabaki. Utawakuta Wabende, Wakonongo, Wapimbwe na Wafipa, utawakuta Wasukuma na ng'ombe wao, na jirani pale Katumba utakuta familia za waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Ni mji wenye mambo mengi ya kuimbwa. Jambo hilo nitalirudia.

Jumamosi usiku shemeji yangu alinichukua, tukaenda kwenye ukumbi mmoja pale pale Kawajense. Paa la bati, viti vya plastiki, jenereta nyuma ya ukuta. Bendi ilikuwa ya watu sita, na amplifaya zao mbili zilikuwa zimefungwa kamba ili zisiachane. Lakini walijua kazi. Walipiga Mbaraka Mwinshehe, wakapiga Marijani Rajabu, wakapiga Franco kwa Kilingala ambacho nina hakika hakuna hata mmoja wao aliyekijua, na hakuna aliyejali. Watu walicheza hadi vumbi likapanda kwenye taa.

Ilipofika kama saa tano, mpiga gitaa la solo, mtu mzima mwenye mvi, akasogelea kipaza sauti. Akasema kwa upole kwamba sasa wanaomba kupiga kitu chao wenyewe. Wakaanza. Ulikuwa wimbo wa mwanamke anayekwenda stesheni kila siku ya treni kumpokea mume ambaye harudi. Gitaa lilianza taratibu, tumba ikafuata. Na watu, ndugu msikilizaji, wakakaa. Mmoja akaenda kuongeza bia, wawili wakaanza kuzungumza, wengine wakaenda kupunga upepo. Mimi niliyetoka mjini, niliyejiona najua muziki, nikapaza sauti: “Mzee, turudishie Mbaraka!”

Ukumbi ukacheka. Wengine wakapiga makofi. Yule mzee akamtazama mpiga tumba, akatabasamu, akaukata wimbo katikati ya ubeti. Akatupa Mbaraka. Tukacheza.

Kesho yake, kumbe, mzee yule ni fundi seremala, na karakana yake haiko mbali na kwa dada. Nilipomwona nikaona haya. Nikaenda kumwamkia, “Shikamoo, mzee.” Akaitikia, akanipa kigoda, akaendelea kupiga randa. Nikamwomba radhi. Akaniuliza, “Kijana, jana ulilipa kiingilio?” Nikasema nililipa. “Basi usiombe radhi. Ulinunua usiku. Mwenye kununua usiku ndiye anayechagua.”

Mimi nina stashahada ya uandishi wa habari, na chuoni tulifundishwa kwamba swali zuri ni fupi. Lile swali la kiingilio lilikuwa fupi, na limenifanya nifikiri tangu siku ile. Kwa hiyo leo nataka tuzungumzie bendi za kopi na bendi zinazopiga nyimbo zao. Kwa nini mtu abebe gitaa usiku kwenda kupiga wimbo wa mwenzake? Na kwa nini mwingine abebe gitaa lile lile kwenda kupiga wimbo ambao hakuna anayeuomba?

Jibu la haraka tunalisikia kila siku. Husemwa kwamba wa kopi ni mvivu, anakula jasho la marehemu, hana ubunifu. Na yule wa nyimbo zake ndiye msanii wa kweli. Ni jibu tamu kulitamka, lakini si la haki.

Tumtazame kwanza mpiga kopi. Huyu ana sababu zake, wala si moja. Ya kwanza ni chakula. Wimbo unaojulikana unajaza ukumbi leo, na mtoto anadaiwa ada leo. Ya pili ni furaha. Mpiga muziki ni binadamu, anapenda kuona watu wanainuka gitaa linapolia mara ya kwanza, na wimbo unaopendwa humpa furaha hiyo bila kusubiri. Ya tatu ni shule. Vijijini na mijini kwetu wapigaji wengi hawakusoma muziki darasani. Walimu wao walikuwa redio na santuri, na kopi ndiyo daftari la mazoezi. Ya nne ni heshima. Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa mwaka 1979. Kijana wa Kawajense aliyezaliwa miaka ishirini baadaye hawezi kumwona jukwaani. Anayempa Mbaraka akiwa hai, mwenye jasho usoni, ni mpiga kopi. Hiyo nayo ni kazi.

Sasa mtazame yule wa nyimbo zake. Huyu anataka jina. Si dhambi, sote tunataka watoto wetu waitwe kwa majina yetu. Wengine wanatarajia mirabaha siku moja. Wengine, tuseme kweli, wanasukumwa na majivuno tu, na wangekuwa wapigaji wazuri sana kama wangekubali kujifunza kwa wenzao. Lakini wapo wenye jambo moyoni ambalo haliko katika wimbo wa mtu mwingine yeyote. Yule fundi seremala alikuwa na mwanamke wa stesheni. Hakumpata kwa Franco wala kwa Marijani. Alimpata Mpanda.

Nilimwuliza mwenyewe, “Mzee, wewe ni bendi ya kopi au ya nyimbo zenu?” Akacheka. Akasema, “Kopi ni shamba langu la mahindi, navuna kila msimu na tunakula. Wimbo wangu ni mwembe. Nimepanda, sijui nani atakula.” Kwa maneno mengine, ni mtu yule yule mwenye mikono ile ile, na anazo sababu zote mbili. Kwa hiyo kugawa watu katika makundi, hawa wasanii na hawa waigaji, hakutusaidii. Afadhali tuulize ni nini kinachomwezesha mtu mmoja kulima mahindi na bado akapanda mwembe.

Turudi nyuma kidogo katika historia yetu. Muziki wetu wa dansi ulianza kwa kopi. Santuri za Cuba, zile zilizojulikana kwa herufi GV, zilipoingia Afrika, vijana wa mijini walizikariri neno kwa neno bila kujua Kihispania. Salum Abdallah wa Morogoro aliiita bendi yake Cuban Marimba, na jina hilo halifichi alikotoa somo. Lakini hakuishia kwenye somo. Hadi alipofariki mwaka 1965 alikuwa ameacha nyimbo zake mwenyewe za Kiswahili ambazo wazee wanazikumbuka mpaka leo. Alikopi, akahitimu, akatunga.

Kisha ikaja zama ya mitindo. Wakubwa wenzangu mtakumbuka. Kila bendi ilitaka mtindo wake ili isifanane na jirani. Western Jazz walikuwa na Saboso, Tabora Jazz na Segere Matata, Polisi na Vangavanga, JKT na Kimulimuli. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilichukua jina la Sikinde kutoka ngoma ya Wazaramo. Bendi iliyofananishwa na nyingine iliona imetukanwa. Morogoro Jazz ilipokwenda Japani kwenye maonyesho ya Osaka mwaka 1970, ilikwenda na muziki wake.

Je, watu wa wakati ule walikuwa na mioyo bora kuliko ya sasa? La hasha. Tazama nani alikuwa akilipa. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Polisi na JKT walikuwa na bendi, kiwanda cha Urafiki kilikuwa na bendi, Umoja wa Vijana ulikuwa na bendi, hata Shirika la Bima lilikuwa na yake, Bima Lee. Wapigaji wengi wa bendi hizo walikuwa waajiriwa wenye mshahara. Wimbo mpya usipopendwa Jumamosi, mshahara wa mwisho wa mwezi ulikuwa pale pale. Na mwajiri alitaka bendi yenye jina lake, kwa sababu bendi ilikuwa bendera yake.

Tena ilikuwepo redio. Radio Tanzania Dar es Salaam ilizirekodi bendi zetu studioni kwake, ikazipiga nyimbo hizo nchi nzima. Malipo yalikuwa madogo, lakini bendi iliyokuwa na nyimbo mpya sita ilikuwa na sababu ya kuingia studio, na wimbo ukisikika Mpanda leo, bendi ikifika Mpanda kesho ilikuta watu wanaujua. Mimi nilikuwa mtoto mwishoni mwa miaka ya 1980, na nakumbuka baba akituhimiza tunyamaze kwa sababu redio imetangaza wimbo mpya. Wimbo mpya ulikuwa habari, kama habari nyingine.

Miaka ya 1990 mambo yakageuka. Mashirika ya umma mengi yaliuzwa au yalijifunga mkanda, na bendi ni kitu cha kwanza kukatwa. Redio za watu binafsi zilianza, zikaleta muziki wa kila namna, na kanda zikanakiliwa mitaani bila mtunzi kupata senti. Mpiga muziki akabaki na mlipaji mmoja tu, yaani mwenye ukumbi au hoteli anayelipa kwa usiku. Na mwenye hoteli hanunui bendera. Ananunua utulivu wa wageni wake. Anataka nyimbo ambazo mgeni anazijua kabla hajaketi. Hapo ndipo kopi, iliyokuwa darasa la kwanza, ilipogeuka kuwa ajira ya maisha.

Msikilizaji makini ataniuliza, mbona Remmy Ongala? Bendi yake ya Super Matimila haikuwa ya jeshi wala ya kiwanda, na bado aliimba ya kwake, kuhusu kifo, kuhusu umaskini, kuhusu ukimwi. Wimbo wake wa Mambo kwa Soksi redio ya taifa ilikataa kuupiga, na watu wakaufuata ukumbini. Ni swali zuri, na jibu lake ndilo kiini cha mazungumzo yangu. Remmy hakuwa na mwajiri wa namna ile, lakini alikuwa na wasikilizaji waliolipa kiingilio ili wasikie atakachosema. Wao walinunua usiku, na walichonunua ni neno jipya. Kwa hiyo mwenye mshahara si lazima awe shirika. Wasikilizaji nao wanaweza kuwa mshahara. Ila lazima wawe wasikilizaji kweli.

Wala si kweli kwamba hoteli huua utunzi. Wapo waliopanda mwembe katikati ya mahindi. Them Mushrooms wa Mombasa walikuwa wakiburudisha watalii kwenye hoteli za pwani ya Kenya. Waliwasikia wageni wakijaribu Kiswahili cha salamu, wakaona hapo pana wimbo. Mwaka 1982 wakatoa Jambo Bwana, na kundi la Boney M. lililokuwa na makao Ujerumani likaurekodi mwaka uliofuata. Leo bendi za hoteli kuanzia Zanzibar hadi Arusha zinaukopi wimbo uliotungwa na bendi ya hoteli. Kwetu nako Kilimanjaro Band, waliowahi kuitwa The Revolutions, walipiga muziki wa hotelini miaka mingi kabla ya kupendwa kwa Njenje yao.

Hata mbali na hapa mambo ni yale yale. Vijana wa Liverpool waliojulikana kama Beatles walikesha kwenye vilabu vya Hamburg kuanzia mwaka 1960, saa nyingi kila usiku, wakipiga zaidi nyimbo za Wamarekani. Santuri yao kubwa ya kwanza ilipotoka mwaka 1963 ilikuwa na nyimbo 14, na 6 kati yake zilikuwa za watu wengine. Hakuna anayewaita waigaji. Walipata mahali pa kuzisikilizisha zile 8.

Kuna jambo jingine la kusema kwa haki. Kopi huupa wimbo uhai, lakini pia inaweza kumpoteza mwenyewe. Malaika umeimbwa na Fadhili William, akauimba Miriam Makeba, wakauimba Boney M., na umeimbwa katika harusi ambazo hazihesabiki. Na hadi leo watu wanabishana nani hasa aliutunga. Wimbo umetembea dunia nzima, baba yake ameachwa stesheni. Sheria yetu ya Hakimiliki, namba 7 ya mwaka 1999, inamtambua mtunzi kuwa na haki pale wimbo wake unapopigwa hadharani. Ni sheria nzuri. Lakini tukumbuke kwamba sheria humlinda mtunzi ambaye wimbo wake umekwisha sikika. Haiwezi kumlinda yule tuliyemkata katikati ya ubeti.

Hapo, ndugu msikilizaji, ndipo narudi Kawajense. Nilisema mji ule una mambo mengi ya kuimbwa. Una reli iliyojengwa kwa ajili ya madini ikabaki na abiria. Una watu waliokuja kama wakimbizi na wajukuu wao wakazaliwa hapo. Una wakulima na wafugaji wanaotafutana na kugombana. Mambo hayo Franco hakuyaimba, na hakupaswa kuyaimba. Marijani hakuyaimba. Asipoyaimba mtu wa Mpanda, hayataimbwa. Miaka hamsini ijayo mtu atatafuta wimbo unaomwonyesha mji ule ulivyokuwa, atakuta kwamba kila Jumamosi watu walicheza nyimbo nzuri za Morogoro na za Kinshasa.

Sasa tufanye nini? Sina dawa kubwa. Nina maombi manne madogo.

Ombi la kwanza ni kwa wenye kumbi. Katika saa tano mnazowalipa bendi, waachieni nusu saa iwe yao. Msiipange saa saba za usiku wakati watu wamelewa na wanatafuta viatu. Ipangeni mapema, watu wakiwa bado wanasikiliza. Nusu saa haitafunga baa.

Ombi la pili ni kwa bendi zenyewe. Msione haya kwa kopi, na msione haya kwa wimbo wenu. Yule mzee alitangaza wimbo wake kama mtu anayeomba mkopo. Mtangaze wimbo, mtaje umetungwa na nani na unahusu nini, kisha mwupige wiki hii, na wiki ijayo, na ile ya tatu. Hakuna wimbo unaozaliwa ukiwa unajulikana. Hata hizo za Mbaraka tunazozililia, siku ya kwanza kuna mtu alikuwa akiongeza bia.

Ombi la tatu ni kwetu sisi watu wa redio, na hapa najisema mwenyewe. Tunasubiri wimbo uletwe studioni ukiwa umepikwa, umepambwa, una picha zake. Zamani redio ndiyo iliyorekodi. Leo chombo cha kurekodi kinaingia mfuko wa shati, lakini hatutoki. Redio ya mkoa isiyokuwa na hata wimbo mmoja wa bendi ya mkoa wake ijiulize inatangaza nini.

Ombi la nne ni kwako wewe unayelipa kiingilio. Wewe ndiye mnunuzi wa usiku. Ukiomba kopi, omba, ni haki yako, na mimi nitacheza pamoja nawe. Lakini bendi ikisema sasa tunapiga chetu, kaa kimya dakika tano. Kama umeupenda, nyanyuka ukamtuze mtunzi kama unavyomtuza anayekutaja jina. Kama hukuupenda, umepoteza dakika tano tu, na kopi inarudi.

Nimalizie habari ya mzee wangu. Mwaka jana nilirudi Mpanda, safari hii nikiwa na kinasa sauti na nia ya kulipa deni. Nilimkuta karakana kwake. Bendi ilikwisha kutawanyika. Mpiga tumba, ambaye ndiye aliyekuwa akiitikia, amehamia Sumbawanga. Mzee bado anaitwa kwenye harusi, anapiga kopi na kijana mmoja wa kinanda. Nikamwambia, “Mzee, nimekuja kuusikia ule wimbo wa stesheni mpaka mwisho.” Akanitazama kwa muda, akaingia ndani, akatoka na gitaa lenye nyuzi tano.

Aliimba ubeti wa kwanza. Akaimba wa pili. Alipofika kwenye ubeti ule ambao usiku ule niliukata kwa kelele zangu, akasimama. Akajaribu tena kutoka mwanzo, akasimama pale pale. Akasema, “Hapa pana maneno yake, lakini hayaji. Toka siku ile sikuupiga tena.” Akalilaza gitaa juu ya ubao, akachukua randa.

Hakunilaumu. Alisema tena kwamba nililipa kiingilio. Nami ninao ule wimbo kwenye kinasa sauti changu, beti mbili na kipande, na sijui kama yule mume alirudi au hakurudi.

Ndugu msikilizaji, Jumamosi inakuja, na mahali fulani mjini kwako bendi itafunga vyombo. Ukienda, cheza. Lakini mtu mwenye mvi akisogelea kipaza sauti na kusema hiki ni chetu, usifanye kama nilivyofanya mimi.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaliwa tukutane wiki ijayo.